NANI AAMURUYE MZINGANI?

Hotuba juu ya maisha ya nyuki, siafu na nyigu, iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.



Nilipotakiwa na Halmashauri kusema nanyi jioni hii, niliachiwa nichague neno nipendalo, ila kwa masharti mawili: lisiwe neno la mishahara, kwa kuwa hilo lina siku yake, tena lisituweke hapa hata taa zikaishiwa mafuta. Kwa hiyo nimechagua habari za wadudu watatu ambao hapana mtu hapa asiyewajua, maana kila mmoja wetu amekwisha kuumwa na mmoja wao, kama si na wote: nyuki, siafu na nyigu.

Sifa zao ni za zamani. Katika Msahafu zimo sura mbili zenye majina yao, Sura ya Nyuki na Sura ya Chungu. Katika Mithali za Sulemani mvivu aambiwa aende kwa chungu akajifunze kazi. Sote twalikumbuka neno hilo, kwa kuwa waalimu wetu walilitumia sana asubuhi tulipochelewa. Lakini pale pale pana neno jingine lisilotajwa mara nyingi, nalo ni kwamba mdudu yule hana mkubwa, wala msimamizi, wala mtawala. Neno hilo la pili ndilo nililokusudia kulizungumza.

Maana desturi ya wahutubu ni kusema: Tazameni nyuki jinsi wanavyomtii malkia wao, yeye huamuru, nao hutenda, basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini hayapatani na mambo yalivyo ndani ya mzinga. Na mfano usio wa kweli, hata ukiwa mzuri namna gani, haufai kujengwa juu yake fundisho lo lote.

Kwanza naomba kuondoa kosa moja dogo. Watu wengi humhesabu mchwa pamoja na chungu na siafu. Sivyo. Mchwa ni wa ukoo wa mende, naye ana mfalme na malkia wakaao pamoja katika chumba kimoja ndani ya kichuguu. Nyuki, nyigu, chungu na siafu ndio walio ukoo mmoja, na kwao watenda kazi wote ni wa kike. Madume hawajengi, hawalindi, wala hawaleti chakula. Kazi yao ni ndoa, wakiisha hufa. Tena hapo pana kitendawili ambacho mwaweza kuwategea watoto nyumbani: Ni nani asiye na baba, lakini ana babu? Jawabu ni dume la nyuki. Yai lililorutubishwa hutoa jike, na lisilorutubishwa hutoa dume. Basi dume amezaliwa na mama peke yake, ila mama huyo alikuwa na baba. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1845 na padri mmoja wa Silesia, jina lake Jan Dzierzon, aliyekuwa mfugaji wa nyuki.

Sasa tuje kwa huyo aitwaye malkia. Watu wa kale, Aristotle akiwa mmojawapo, walimwita mfalme, kwa kuwa walidhani mkubwa hana budi kuwa mwanamume. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler aliandika kitabu akisema kwamba ule ni ufalme wa wanawake. Baadaye Mholanzi Jan Swammerdam akampasua yule “mfalme” chini ya kioo cha kukuzia, akaona ndani yake mafuko ya mayai. Mambo mengine mengi yalivumbuliwa Geneva na François Huber, ambaye, ndugu zangu, alikuwa kipofu. Aliyemwazima macho alikuwa mtumishi wake, François Burnens, aliyeshika nyuki mmoja mmoja kwa mkono na kumweleza bwana wake kila alichokiona. Bwana aliuliza, mtumishi alitazama. Na kitabu chao cha mwaka 1792 chasomwa hata leo. Nalitaja hilo kwa sababu liko mbele ya watu ambao kazi yao ni kuona, kuandika na kupeleka habari kwa wengine. Kama Burnens angalisema aliyodhani bwana wake apenda kuyasikia, kazi yote ya Huber ingalikuwa bure.

Je, malkia huyo huamuru nini? Haamuru neno. Kazi yake ni kutaga, na wakati wa maua mengi aweza kutaga mayai 1,500 na zaidi kwa siku moja. Hutoa harufu mwilini mwake, na harufu hiyo hupokewa na walio karibu na kupelekwa kwa wengine, hata mzinga wote wajua kuwa mama yupo. Akitoweka, kwa saa chache tu habari huenea, nao huanza kulea mabuu wachanga kwa chakula cha namna ya pekee, ili mmoja wao awe mama mpya. Na bumba linapokaribia kuhama, watenda kazi humpunguzia mama chakula, humsukuma huku na huku ndani ya mzinga, mpaka akonde apate kuweza kuruka. Huyo ndiye tuliyeambiwa kwamba neno lake ni amri!

Na watenda kazi nao hawana wa kuwapangia zamu. Kazi huwajia kwa umri wao na kwa haja iliyopo: kijana husafisha vijumba vya sega, kisha hulea mabuu, kisha hutoa nta na kujenga, kisha hulinda mlango, na mwisho hutoka kwenda maua. Maisha yake wakati wa kazi nyingi ni majuma matano au sita tu. Kadhalika wale chungu wekundu wa mikorosho na minazi ya pwani, tuwaitao maji moto. Mmoja huvuta ukingo wa jani. Likianza kupinda, wengine huja kumsaidia. Jani likiwa mbali hushikana viuno wakawa mnyororo. Kisha wengine huleta mabuu midomoni, na kwa nyuzi zitokazo kwa mabuu hao hushona jani kwa jani. Hapana fundi mkuu aliyesimama kando na ramani. Na wenye minazi Unguja na pwani yetu wana haki ya kuwashukuru, kwa kuwa maji moto hufukuza yule mdudu afyonzaye nazi changa zikadondoka kabla ya wakati wake.

Basi mtu ataniuliza: Ikiwa hapana aamuruye, mambo huamuliwaje? Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Wadudu hawa watatu wana njia tatu, wala hazilingani.

Njia ya kwanza ni ya siafu, nayo ni kumfuata aliye mbele. Siafu mtenda kazi ni kipofu. Hushika harufu iliyoachwa na wenzake njiani, naye huacha yake ikaongezeka juu ya ile. Wala hapana kiongozi mbele ya safu. Atanguliaye huenda hatua chache, hurudi nyuma, na mwingine hushika mahali pake. Kwa njia hiyo mamilioni hutembea kama mwili mmoja, na nyumba wanayoipita huachwa safi, bila mende wala kunguni. Hata wazee wetu waliwapisha wakalala nje, wakarudi asubuhi wakafurahi. Hiyo ni nguvu kubwa, wala siidharau.

Lakini ina hatari yake. William Beebe, Mmarekani, aliandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1921 jinsi alivyowaona ndugu za siafu hawa katika nchi ya Guyana, Amerika ya Kusini. Safu ilikuwa imepotea njia, na wa mbele wakaiangukia harufu ya wa nyuma. Basi duara ikafungika. Mzunguko wake ulikuwa futi 1,200, na kila chungu alihitaji kadiri ya saa mbili na nusu kuumaliza. Walizunguka mchana na usiku. Kadiri walivyozunguka ndivyo harufu ilivyozidi nguvu, na kadiri harufu ilivyozidi ndivyo kila mmoja alivyozidi kusadiki kwamba njia ndiyo hii. Wengi walikufa pale pale kwa kuchoka, wakiwa katika utii kamili.

Ndugu makarani, msicheke upesi. Nani kati yetu hajapata kuliona faili lililozunguka vivyo hivyo? Wa kwanza ameandika, “Naona ni sawa.” Wa pili ameona sahihi ya wa kwanza, akaandika, “Nakubali.” Wa tatu ameona sahihi mbili, naye ni nani hata ashindane na watu wawili? Linaporudi kwa wa kwanza lina sahihi sita, naye husema moyoni, “Hakika jambo hili ni imara.” Kumbe barua iliyomo ndani haikusomwa na mtu hata mmoja.

Njia ya pili ni ya nyigu, nayo ni kushindania cheo. Katika miaka ya 1940 Leo Pardi, Mtaliano, aliwachungua nyigu wa karatasi wa nchi yake. Mara nyingi mama kadhaa huanza kujenga pamoja. Lakini haupiti muda mrefu kabla hawajapigana. Mmoja huwa juu, na wa chini huinama kila apitapo. Aliye juu hutaga. Mwingine akitaga, yule mkubwa huyala mayai yake. Walio chini ndio watokao kutafuta chakula na vitu vya kujengea. Tena hawasahauliani: mwaka 2002 Elizabeth Tibbetts wa Marekani alionyesha kwamba nyigu wa aina moja ya karatasi hutambuana kwa sura. Alipowapaka rangi usoni, wenzao waliwashambulia kama wageni, mpaka walipoizoea sura mpya.

Hata hivyo nyigu apewe haki yake, hasa na sisi tulao mkate wetu kwa karatasi. Nyigu hukwangua mti mkavu, huutafuna na mate, akautandaza ukawa karatasi. Mwaka 1719, wakati karatasi za Ulaya zilipotengenezwa kwa matambara na matambara yalipokuwa machache, Mfaransa Réaumur aliwaambia wenzake wa Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba nyigu wametuonyesha kuwa karatasi yaweza kutoka katika miti. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla watu hawajaifanya kazi hiyo kwa mitambo. Basi kila mwisho wa mwezi tunapoandika hesabu zetu, twaandika juu ya ufundi wa nyigu. Lakini nyumba ya nyigu hubaki ndogo, nayo ikianza, nguvu nyingi hupotea katika ugomvi wa nani akae juu.

Njia ya tatu ni ya nyuki wanaotafuta nyumba mpya, na hii naomba niieleze taratibu.

Mzinga ukijaa, mama wa zamani hutoka na bumba la nyuki, labda 10,000, wakaning’inia juu ya tawi. Hawana nyumba, na mvua yaweza kunyesha. Hapo wapelelezi mia chache, wazee waliozoea kwenda maua, huruka kila upande kutafuta tundu la mti au ufa wa mwamba. Mpelelezi akiona tundu, huingia akalikagua, akatembea ndani gizani, akatoka akalizunguka nje. Kisha hurudi, naye hutoa habari yake kwa kucheza juu ya migongo ya wenzake.

Ngoma hiyo ilifumbuliwa na Karl von Frisch, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1973. Nyuki huenda mbele akitikisa tumbo, kisha huzunguka akarudi alipoanzia. Akielekea juu wima, maana yake ni, “Lifuateni jua.” Akielekea upande kwa pembe fulani, maana yake ni, “Liacheni jua kwa pembe hiyo hiyo.” Na muda wa kutikisika waonyesha umbali: sekunde moja ni kadiri ya kilometa moja.

Aliyekuwa mwanafunzi wake, Martin Lindauer, aliona jambo la ajabu mjini Munich mwaka 1949. Juu ya bumba moja palikuwa na nyuki wanaocheza hali wamechafuka kwa masizi na vumbi la matofali. Akafikiri: Hawa hawatoki mauani, hawa wametoka katika dohani na katika nyumba zilizobomolewa na vita. Wanatafuta mahali pa kukaa! Basi alianza kuandika kila ngoma na kila upande, na bumba liliporuka alilifuata mbio mitaani, apate kujua kama limekwenda pale penye wachezaji wengi. Aliona kwamba mwanzoni nyumba nyingi hutajwa, kisha moja moja huachwa, mpaka wote wanaocheza wachezee nyumba moja.

Wanapatanaje bila mwenyekiti? Thomas Seeley wa Marekani na wenzake walilichungua jambo hilo miaka mingi, na haya ndiyo waliyoyaona.

Neno la kwanza: sifa hulingana na kitu. Mpelelezi aliyeona nyumba njema hucheza mizunguko mingi, hata kufika 100. Aliyeona nyumba hafifu hucheza michache. Hasemi kwa nguvu kwa sababu habari ni yake, bali kwa sababu nyumba ni nzuri.

Neno la pili: msikilizaji hafuati kwa kusikia tu. Apatapo habari huruka mwenyewe, akaingia ndani ya tundu, akalipima kwa miguu yake. Akiridhika ndipo arudipo na kucheza, naye hucheza kwa kadiri ya alivyoona yeye. Hapa ndipo nyuki alipomzidi siafu. Uongo au kosa la mmoja haliwezi kuzunguka, kwa sababu kila mmoja huenda kusoma barua iliyomo ndani ya faili.

Neno la tatu: asemaye hunyamaza. Kila mpelelezi arudipo tena hupunguza ngoma yake, kadiri ya mizunguko 15 kila safari, mpaka aache kabisa, hata kama nyumba yake ndiyo bora. Hapana mzee anayeshikilia shauri lake mpaka kufa. Nyumba njema hupata watetezi wapya, na hafifu husahauliwa. Pia wapo wapingao: mwaka 2012 ilitangazwa kwamba mpelelezi wa nyumba moja humgonga kwa kichwa yule wa nyumba nyingine, akitoa mlio mfupi, kana kwamba kumwambia, “Punguza.” Lakini hamwumi wala hamfukuzi.

Neno la nne: idadi huhesabiwa kule kwenye nyumba, wala si penye kelele. Wapelelezi 20 au 30 wakikutana wakati mmoja kwenye tundu moja, wajua kwamba watosha. Hurudi, hupiga mlio kama wa filimbi kati ya wenzao, na bumba lote hujipasha moto mbawa kwa safari. Katika kila 100 wanaoruka hawafiki hata 5 waliopata kuiona nyumba ile. Lakini hao wachache hupita mbio juu ya wengine kuonyesha njia, na mama huchukuliwa katikati kama abiria.

Je, njia hii hufanikiwa? Katika kisiwa kimoja cha Marekani kisicho na miti mikubwa, Seeley na mwenzake waliweka masanduku 5, moja la ukubwa wafaao na manne madogo. Walifanya jaribio mara 5, na mara 4 bumba lilichagua lile lililo bora, ingawa si lazima liwe la kwanza kuonekana. Ni kweli Lindauer naye aliona bumba lililokosa kupatana, likagawanyika hewani, nusu huku na nusu huku, na mwisho likarudi tawini. Nyuki si malaika. Lakini wangapi kati yetu wawezao kusema kwamba katika mikutano 5 tumechagua lililo bora mara 4?

Ndugu zangu, sikuja kusema kwamba watu waishi bila wakubwa. Mtu si nyuki. Ana akili, ana sheria, na ana dhamana ya kujibu kwa aliyoyatenda. Ofisi isiyo na mkubwa ni soko. Tena wale wapelelezi hawana mapato ya siri: wote ni wa nyumba moja, na nyumba ikiwa mbovu wote watakufa pamoja. Sisi kila mmoja anaweza kutamani jambo lake. Ndiyo maana twahitaji taratibu kuliko wao.

Lakini twendapo kuamua jambo la Chama, fedha zetu ziwekwe wapi, au nani ashike kitabu cha hesabu, na tujiulize tumekaa katika safu gani. Tukisema ndiyo kwa sababu aliyekaa mbele amesema ndiyo, sisi ni siafu, na duara yatungoja. Tukisema la kwa sababu hatumpendi aliyeleta shauri, sisi ni nyigu, na nyumba yetu itabaki ndogo. Wahenga walisema, Fuata nyuki ule asali. Tumezoea kuisikia methali hiyo kwamba mtu ashikamane na aliyefanikiwa. Mimi naomba muisikie hivi pia: mfuate nyuki hata afikapo, uingie mwenyewe uone, ndipo urudi useme, useme kwa kadiri ya ulichokiona, na ukiisha kusema, wape wengine nafasi nao waende waone.

 Kama yuko mwenye swali, na aulize. Na kama yuko asiyesadiki niliyoyasema, huyo ndiye amenielewa vema kuliko wote: kesho apate nafasi akatazame mwenyewe, ila asisahau kujifunika uso.